Modemu ya kebo inapokea mawimbi dhaifu na kutuma kwa nguvu kubwa: je, ninunue kikuza mawimbi?

MkaziWaOhio aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninaishi Columbus, Ohio, katika nyumba ya kupanga yenye ghorofa moja na chumba cha chini ya ardhi. Intaneti yetu inaletwa kwa kebo ya koaksi, ile kebo nyeusi ya mviringo iliyovutwa zamani kwa ajili ya televisheni, na kasi tunayoilipia inaitosha familia yetu. Hata hivyo karibu kila jioni, na mara nyingi mchana wa jua kali, mazungumzo ya video hukwama, sauti hukatikakatika, na taa ya modemu hupepesa kwa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Mke wangu anafundisha Kiswahili kwa njia ya video na wanafunzi wake wamelazimika kuahirisha vipindi, ndiyo maana ninatafuta dawa ya kudumu badala ya kuendelea kuzima na kuwasha modemu kila siku.

Nimekwisha kuhakikisha kwamba chanzo si Wi-Fi, kwa kuwa nimeunganisha kompyuta moja kwa moja na modemu kwa waya wa etheneti na hali imebaki ileile. Kisha nimefungua ukurasa wa modemu wenyewe kupitia anwani ya 192.168.100.1, na haya ndiyo niliyoyakuta. Nguvu ya kupokea ni -9 dBmV katika chaneli za masafa ya chini, nayo inaendelea kushuka hadi -14 dBmV katika chaneli za masafa ya juu. Uwiano wa mawimbi na kelele uko kati ya desibeli 32 na 34. Nguvu ya kutuma ni 51 dBmV katika chaneli zote nne. Hesabu ya makosa yasiyorekebishika inapanda, na kumbukumbu ya matukio imejaa mistari inayotaja T3, na michache inayotaja T4.

Kebo inaingia kupitia kisanduku kidogo kilicho ukutani nje, inashuka hadi chumba cha chini, na huko inachomekwa kwenye splita ya zamani yenye njia nne za kutokea. Njia moja inapanda hadi chumba cha juu kilipo kifaa changu, nyingine inakwenda sebuleni ambako hakuna kitu kilichounganishwa, na mbili zilizobaki ziko wazi. Dukani nimeona kikuza mawimbi cha desibeli 15. Je, nikikiweka karibu na modemu tatizo litaisha? Na je, mtu wa kawaida anaruhusiwa kurekebisha viwango hivi mwenyewe, au ni kazi ya kampuni peke yake?

FundiKoaksi alijibu:

Bwana MkaziWaOhio, umefanya vyema kuleta namba, kwa sababu namba hizi zinaonyesha waziwazi ugonjwa ulipo. Nimefanya kazi ya kuvuta na kuunganisha kebo za koaksi katika majumba ya ghorofa jijini Nairobi, na ingawa faiba imechukua nafasi kubwa kwetu, kanuni ninazozijua ndizo zinazotumika kwako pia, kwa kuwa mitandao hii yote hufuata utaratibu uitwao DOCSIS, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997.

Nianze na jibu lenyewe: usinunue kikuza mawimbi kwa sasa. Ondoa kwanza kinachoyala mawimbi yako, halafu upime tena.

Kipimo cha dBmV kinalinganisha mawimbi na milivolti moja kwenye njia ya ohmu 75. Sifuri maana yake ni milivolti moja kamili, kwa hiyo alama ya kutoa si aibu yenyewe. Inaeleza tu kwamba umepokea pungufu ya hapo. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu iliyopotea. Modemu imeundwa kupokea kati ya -15 na +15 dBmV, lakini fundi anayejali kazi yake huacha nyumba ikiwa kati ya -7 na +7, ili kubaki na akiba ya kuvumilia mabadiliko ya hali ya hewa na kuchakaa kwa vifaa. Wewe uko kwenye -14, yaani ukingoni kabisa.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba uwiano wa mawimbi na kelele husomwa pamoja na nguvu ya kupokea. Kwa chaneli za 256-QAM (QAM ni namna ya kupakia data kwenye mawimbi), ambazo ndizo zilizoenea upande wa kupokea, desibeli 30 zinaruhusiwa ikiwa nguvu haijashuka chini ya -6 dBmV. Ikishuka chini ya hapo, kiwango cha chini kinachohitajika kinapanda hadi 33. Kwa hiyo zile chaneli zako zenye desibeli 32 haziko salama, hata kama mhudumu wa simu atakuambia kwamba kwenye skrini yake kila kitu ni cha kijani. Hapo ndipo makosa yasiyorekebishika yanapozaliwa.

Sasa twende upande wa kutuma, ambao watu huuelewa kinyume. Modemu haijichagulii nguvu ya kutuma. Mtambo wa kampuni ndio unaoiamuru iongeze au ipunguze, hadi mawimbi yake yafike huko yakiwa na kiwango kilichopangwa. Namba kubwa upande huu si ishara ya afya, kwa kuwa inaonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachopotea njiani. Katika DOCSIS 3.0, modemu inayotuma kwa chaneli nne za 64-QAM kwa pamoja hailazimiki kutoa zaidi ya 51 dBmV katika kila chaneli, nawe uko hapohapo kwenye 51. Maana yake ni kwamba mtambo ukiomba desibeli moja zaidi, modemu haina ya kutoa. Mchana wa joto upotevu ndani ya kebo huongezeka, kwa kadiri ya asilimia 1 hivi kwa kila nyuzi joto tano na nusu za Selsiasi. Kwenye kipande kifupi hilo halihisiki, ila kwenye kebo ndefu za mitaani linafika kuwa desibeli za kuhesabika. Jioni watu wamerudi nyumbani, vyombo vya umeme vinafanya kazi, na kelele zinazopenya kwenye kebo za nyumba zote za mtaa hukusanyika katika njia moja ya kurudi, ambayo kwenu Marekani kwa kawaida ni masafa ya megahezi 5 hadi 42. Modemu yako inatuma ombi la kupimwa, jibu halirudi, na kumbukumbu inaandika T3. Ikikosa kabisa nafasi ya kupimwa kwa sekunde 30, inaandika T4 na kuanza upya kutafuta mtandao, na ndipo taa inapopepesa.

Kwa nini basi kikuza mawimbi hakifai? Kwanza, vingi vya dukani hukuza upande wa kupokea tu. Upande wa kutuma huachwa upite vilevile, na mara nyingine hupunguzwa kidogo, nawe huko huna hata desibeli moja ya kupoteza. Pili, kikuza mawimbi kikikaa mwisho wa njia, karibu na modemu, kinakuza mawimbi pamoja na kelele zake zote, kisha kinaongeza za kwake. Namba ya nguvu itapendeza macho, itapanda kutoka -14 hadi karibu +1, lakini uwiano wa mawimbi na kelele hautapanda kwa kiasi hicho; unaweza hata kushuka.

Tazama sasa splita yako. Splita ya njia nne hula karibu desibeli 7 katika kila njia, na inazila pande zote mbili, kupokea na kutuma. Ya njia mbili hula karibu desibeli 3 na nusu. Unatumia njia moja tu kati ya nne, kwa hiyo desibeli 7 zinapotea bila sababu yoyote. Ukiiondoa na kuunganisha kebo inayoingia na ile inayopanda juu kwa kiungio kidogo chenye mdomo pande zote mbili, hesabu inasema kwamba kupokea kutapanda hadi kati ya -2 na -7, na kutuma kutashuka hadi karibu 44. Hizo ni namba za nyumba yenye afya, kwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole gumba.

Kabla ya hapo kuna kipimo kimoja ambacho ningekuomba usikiruke. Ibebe modemu, pamoja na waya wa kurefusha umeme, hadi mahali kebo inapoingilia nyumbani, iunganishe hapo moja kwa moja bila splita wala kebo ya ndani, na uziandike namba zote. Zikiwa nzuri hapo, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Zikiwa mbaya hapo, hakuna utakachorekebisha ndani kikasaidia, na kampuni ndiyo inayopaswa kuja. Kwa sheria za Marekani, katika nyumba ya familia moja mpaka kati ya kebo ya ndani na kebo ya kampuni uko kama inchi 12 nje ya mahali kebo inapoingilia. Ndani ya mpaka huo unaweza kufanya kazi, mradi mwenye nyumba ameridhia kwa kuwa umepanga. Nje yake usiguse, na nguzoni usipande kabisa.

Chunguza pia konekta, moja baada ya nyingine. Fungua na utazame kwa tochi: waya wa shaba wa katikati uwe umenyooka na unang'aa, utokeze milimita chache tu mbele ya ukingo wa konekta, na ile plastiki nyeupe inayouzunguka iwe imekaa sawasawa na sakafu ya konekta. Nywele moja ya wavu wa nje ikigusa waya wa katikati, mawimbi yanazibwa. Ukiona kutu ya kijani au unyevu, kata kipande hicho na ufunge konekta mpya ya kubanwa kwa kifaa chake. Zile za kuzungusha kwa mkono kwenye ganda la kebo zimenifanya nirudi kwenye nyumba za watu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kaza kwa vidole hadi mwisho, kisha ongeza kama robo ya mzunguko kwa spana ya milimita 11. Konekta iliyolegea inapitisha mawimbi, lakini pia inaruhusu kelele za redio na simu kuingia.

Soma maandishi yaliyo kwenye ganda la kebo. Ikiwa ni RG-59, ambayo ni nyembamba, ibadilishe iwe RG-6. Mita 30 za RG-6 hula karibu desibeli moja na nusu kwenye megahezi 55, lakini kwenye megahezi 750 hula zaidi ya tano na nusu, na RG-59 hula hata zaidi. Hiyo ndiyo sababu chaneli zako za juu ni dhaifu kuliko za chini: kebo inatoza zaidi kadiri masafa yanavyopanda.

Jambo la mwisho ni la usalama. Kwenye kisanduku cha nje utaona waya unaounganisha kebo na ardhi ya nyumba. Usiukate wala kuuruka, maana ndio unaolinda nyumba na vifaa pale umeme unapoingia kwenye kebo kwa bahati mbaya.

DadaReading alijibu:

Fundi, ahsante kwa maelezo haya. Nimeyasoma yote kwa makini kwa sababu shida yangu ni kinyume chake. Niko Reading, Uingereza, na kisanduku cha kampuni kiko mbele kabisa ya mlango wangu. Modemu yangu inapokea +13 dBmV katika chaneli karibu zote, na inatuma kwa 35. Makosa yasiyorekebishika yapo, ingawa uwiano wa mawimbi na kelele ni desibeli 37. Jirani ameniambia kwamba mawimbi yakiwa mengi ni heri. Je, yuko sahihi? Na je, nikiweka kipunguza mawimbi nitapunguza kasi?

FundiKoaksi alijibu:

Dada, jirani hayuko sahihi. Mawimbi yenye nguvu kupita kiasi huilemea sehemu ya kupokelea ndani ya modemu, nayo huanza kuyapotosha, hasa pale chaneli nyingi zinapoingia kwa pamoja, kwa kuwa nguvu zake zote hujumlishwa mlangoni. Kasi yako haitapungua ukipunguza kwa kiasi. Kasi inategemea chaneli ulizopewa na usafi wake.

Kwa bahati njema namba zako zinaruhusu tiba rahisi. Kipunguza mawimbi cha kawaida, kile kipande kidogo cha chuma kinachofungwa kati ya kebo na modemu, hupunguza pande zote mbili kwa usawa. Ukichukua cha desibeli 6, kupokea kutashuka hadi karibu +7, nao mtambo utaiamuru modemu ipandishe kutuma hadi karibu 41. Pande zote mbili zitakuwa mahali pazuri.

Lakini naomba kila anayesoma asinunue kwa kuiga. Tuseme mtu anapokea +12 na anatuma kwa 48. Akiweka kipande hichohicho, kupokea kutakuwa +6, namba ya kuvutia, ila kutuma kutahitaji 54, na modemu yake itashindwa kabisa kurudisha sauti kwa mtambo. Mtu huyo anahitaji kipunguza mawimbi cha upande mmoja, ambacho hupunguza masafa ya juu ya kupokea na kuyaacha masafa ya chini ya kutuma yapite. Ndiyo maana sikubali kumshauri mtu aliyeniletea namba za upande mmoja tu. Anayeniambia anapokea ngapi lazima aniambie anatuma kwa ngapi.

MhandisiMuscat alijibu:

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila nadhani amekihukumu kikuza mawimbi kwa ukali kidogo. Kina mahali pake. Nyumba yenye televisheni nyingi zinazotegemea kebo hiyohiyo, ambamo mawimbi yanaingia yakiwa mazuri na yanadhoofika kwa sababu ya kugawanywa mara nyingi, inaweza kukihitaji. Kinachotakiwa ni kukiweka mwanzoni, mahali kebo inapoingilia, kabla ya mgawanyo, mawimbi yakiwa bado juu sana ya kelele. Tena kiwe kimoja tu, kisifuatane na kingine. Modemu yenyewe isipitie humo: kebo inayoingia igawanywe kwanza kwa splita ya njia mbili, upande mmoja uende moja kwa moja kwenye modemu, upande wa pili uende kwenye kikuza mawimbi na televisheni zake. Modemu italipa desibeli 3 na nusu tu, na kikuza mawimbi kikiharibika intaneti haitaguswa.

Naongeza jambo kuhusu zile njia mbili zilizo wazi kwenye splita ya Bwana MkaziWaOhio. Njia iliyo wazi huakisi mawimbi na kuyarudisha ndani, na pia ni mlango wa kelele. Atakayelazimika kubaki na splita azibe kila njia isiyotumika kwa kizibo cha ohmu 75, na ahakikishe kwamba splita yenyewe imeandikwa kuwa inapitisha kuanzia megahezi 5, kwa maana zile za dishi za satelaiti hazikukusudiwa njia ya kurudi. Nchini Marekani jambo hili si la starehe ya mtu binafsi pekee. Kebo za televisheni hubeba masafa ambayo ndege pia huyatumia, yakiwemo yale ya megahezi 108 hadi 137, na sheria inazilazimisha kampuni kufuatilia mawimbi yanayovuja. Nyumba inayovujisha inaweza kukatwa mpaka irekebishwe.

Kwa wenye modemu za DOCSIS 3.1, kuna chaneli pana iitwayo OFDM ambayo inatumia hadi 4096-QAM, na hiyo inataka uwiano wa karibu desibeli 41. Ukiwa na 36 haikatiki. Mtambo unaishusha tu kwenye ngazi ya chini, nawe unapata kasi pungufu bila kuona kosa lolote. Wenye modemu hizo wasiridhike na desibeli 34 kama walivyoridhika zamani.

Mlimani_DSM aliuliza:

Samahanini kwa kuingilia. Mimi niko Dar es Salaam na ninatumia faiba. Kifaa changu kinaonyesha -21 dBm. Nikisoma hapa naona ni kama niko hoi. Je, nipige simu kwa kampuni?

MhandisiMuscat alijibu:

Hapana ndugu yangu, uko salama. Kipimo chako ni dBm, kinacholinganisha nguvu na miliwati moja ya mwanga, wala hakihusiani na dBmV ya kebo ya koaksi. Katika mitandao ya GPON (aina ya mtandao wa faiba wa majumbani) ya daraja B+, ambayo imeenea, kifaa cha nyumbani kinapokea vizuri kati ya -8 na -27 dBm, kwa hiyo -21 ni namba njema. Ikikaribia -27, tazama kama waya wa faiba umekunjwa kwa kona kali nyuma ya meza au umebanwa na mlango. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kusafishia na kupimia. Usichomoe kichwa cha faiba ili ukifute kwa shati.

MkaziWaOhio alijibu:

Ndugu zangu, narudi na matokeo, na shukrani zangu ni za dhati.

Mwenye nyumba ameridhia. Nimeipeleka modemu kwanza kwenye chumba cha chini na kuiunganisha na kebo inayoingia, bila splita. Hapo imepokea kati ya +1 na -1 dBmV, uwiano ukiwa desibeli 38, na kutuma kumeshuka hadi 42. Kisha nimeweka kiungio badala ya splita na kuirudisha modemu juu. Ikiwa juu imepokea kati ya -2 na -8, ikatuma kwa 44, karibu kabisa na hesabu ya Fundi. Kebo inayopanda imeandikwa RG-59, na konekta ya upande wa juu ilikuwa ya kuzungusha. Nilipoivuta kidogo ilitoka yenyewe mkononi, na ndani yake nyuzi za wavu zilikuwa zimejikunja zikiwa hazigusi chuma popote. Nimevuta RG-6 mpya yenye konekta za kubanwa. Sasa inapokea kati ya 0 na -4, uwiano ni desibeli 37 hadi 38, na kutuma ni 43.

Vipindi vya jioni vimepita bila kukatika, na mke wangu anawasalimu. Linabaki jambo moja. Mchana wa joto kali bado naona mistari michache ya T3, na nguvu ya kutuma hupanda ghafla hadi 47 au 48 kwa saa kadhaa, kisha inarudi 43 usiku. Makosa yasiyorekebishika pia hupanda saa hizohizo. Je, nimeacha kitu ndani?

FundiKoaksi alijibu:

Bwana MkaziWaOhio, hongera kwa kazi safi. Hiyo konekta iliyotoka mkononi inaeleza mengi.

Mabadiliko ya desibeli 4 au 5 kati ya mchana na usiku ni makubwa mno kuelezwa na joto la kebo ya ndani, ambayo ni fupi na imekaa kivulini. Kitu kilichoko juani kinatanuka na kuachia: mara nyingi ni konekta ya kebo inayotoka nguzoni hadi ukutani kwako, au kebo yenyewe imechanika ganda, maji yameingia na wavu umeoza. Rudia kile kipimo cha mahali pa kuingilia, safari hii mchana, wakati kutuma kumepanda. Ikiwa hapo pia kutuma kumepanda kwa kiasi hichohicho, nyumba yako haina hatia.

Andaa ushahidi kabla ya kupiga simu. Washa modemu upya asubuhi, kwa kuwa hesabu za makosa hujumlishwa tangu ilipowashwa, kisha piga picha ya ukurasa wa viwango asubuhi, saa nane mchana na usiku, kwa siku chache mfululizo, ukiandika na joto la siku. Picha ya mchana iwe pia na ile mistari ya T3 yenye saa zake. Ukipiga simu usiseme kwamba intaneti ni ya polepole, maana watakuelekeza kuzima na kuwasha ruta. Waambie kwamba nguvu ya kutuma mahali pa kuingilia inapanda kwa desibeli 5 kunapokuwa na joto, kwamba splita imeondolewa na kebo ya ndani ni mpya, na kwamba unaomba kebo ya kutoka nguzoni ikaguliwe kutoka mwisho hadi mwisho. Omba miadi ya mchana. Fundi akija saa mbili asubuhi kukiwa na baridi atapima 43, ataandika kwamba hakuna tatizo, na ataondoka.